Nakala Isiyolala Nyumba Moja na Hati

Katika mtaa wa Luano, jirani na uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mali ya familia nyingi haiko benki. Iko ndani ya bahasha ya kaki iliyofichwa chini ya godoro au ndani ya sanduku la chuma: karatasi ya kiwanja, stakabadhi alizotoa muuzaji kwa kila awamu ya malipo, kijitabu cha pensheni cha baba aliyefanya kazi kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines, taarifa ya akaunti, kadi ya kura ambayo maandishi yake yameanza kufifia. Bahasha hiyo ikipotea leo, hakuna ukuta utakaoanguka leo. Msiba huja baada ya miaka kumi, pale mtu asiyejulikana anapobisha hodi, mkononi ana karatasi nyingine ya kiwanja kilekile.

Ushauri unaosikika kila mahali siku hizi ni mfupi: piga picha hati zako, weka kwenye simu, lala usingizi. Ushauri huo umewaponza wengi. Picha ya hati haigeuki kuwa hati. Ni shahidi wa hati. Na shahidi, ofisini au mahakamani, hupimwa kwa maswali yaleyale siku zote: alikuwapo lini, anakumbuka majina na namba gani, na anaishi kwa nani. Ukikusanya nakala za kidijitali bila kujibu maswali hayo, umejaza simu tu.

Tuanze na ardhi, maana kwa mkaazi wa Luano hakuna karatasi yenye thamani kubwa ya fedha kuliko ya kiwanja. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na karatasi moja, certificat d'enregistrement. Cheti hicho huandikwa mara mbili: kimoja hubaki ndani ya kitabu cha conservateur, afisa anayehifadhi hati za ardhi, na kingine hukabidhiwa mwenye haki. Juu yake huandikwa volume na folio, yaani kitabu gani na ukurasa gani. Miaka miwili ikipita tangu kiandikwe, cheti hakishambuliki tena. Aliyedhulumiwa hubakiwa na njia ya kudai fidia, kiwanja kimekwenda. Miaka miwili ni muda mfupi mno kwa mtu anayefanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi na kurudi nyumbani kwa sikukuu.

Lakini Luano iko ndani ya commune, yaani manispaa, ya Annexe, ile inayouzunguka mji wote, na huko familia nyingi hazijafika kwenye cheti. Wanashika fiche parcellaire, yaani karatasi ya maelezo ya kiwanja, au acte de vente, yaani mkataba wa mauziano, iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, au barua ya chifu wa kijiji kilichokuwapo kabla mji haujawafikia. Sheria haizitambui karatasi hizo kama haki kamili. Ndiyo maana watu huziona ni za daraja la chini, na wakipata nafasi ya kupiga picha hukimbilia kwanza zile zenye mihuri mikubwa.

Mimi nasema waanze upande wa pili. Cheti cha ardhi kina pacha wake serikalini. Kikiungua, kuna kitabu cha kufunguliwa, hata kama safari ya kukifungua ni ndefu na ya gharama. Karatasi ya chifu haina pacha popote. Stakabadhi ya dola mia tano iliyoandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa daftari, ikitaja tarehe, mpaka wa kiwanja na majina ya mashahidi wawili, ni ya pekee duniani. Ikiliwa na mchwa, na Katanga ni nchi ya vichuguu virefu kuliko mtu, hakuna ofisi itakayoitoa tena. Hati dhaifu ndiyo inayohitaji nakala haraka zaidi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ngazi zote ulizopanda, kutoka kwa chifu hadi kwa muuzaji hadi kwako, siku utakapokwenda kuomba mkataba wa kupanga kwa Serikali na baadaye cheti chenyewe.

Nakala nzuri ya karatasi kama hiyo hupigwa mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imelala mezani na pembe zake nne zikionekana. Pigeni mbele na nyuma. Nyuma ndiko muhuri wa commune na sahihi za mashahidi hujificha, na ndiko watu husahau. Kisha andikeni kwa herufi, ndani ya faili dogo la maandishi, yale ambayo picha haiwezi kutafutwa nayo: tarehe, namba, volume na folio kama zipo, jina la kila aliyetia sahihi pamoja na cheo chake siku ile, na mahali karatasi yenyewe ilipo sasa. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili simu yenyewe iyapange mafaili kwa mfuatano.

Suala la majina linahitaji tukae nalo kidogo, kwa kuwa hapa kwetu limewanyima watu fedha zao. Mzee aliyeajiriwa mwaka 1966 aliajiriwa na Union Minière du Haut-Katanga. Bila kuhama mashine yake alijikuta mfanyakazi wa Gécomin, kisha wa Gécamines. Aliingia kazini kwa jina la ubatizo; mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, karatasi zake zilianza kubeba jina la ukoo na lingine la nyongeza. Mji aliozaliwa uliitwa Élisabethville, ukawa Lubumbashi mwaka 1966. Mkoa ulikuwa Katanga, ukawa Shaba, ukarudi Katanga mwaka 1997, na tangu mwaka 2015 ni Haut-Katanga. Shirika lililokata michango yake liliitwa INSS, leo ni CNSS. Mtu mmoja, maisha mamoja ya kazi, lakini ukiziweka karatasi zake mezani utadhani ni za watu watatu kutoka mikoa mitatu. Karani kijana hana wajibu wa kujua historia hiyo. Ni sisi tunaopaswa kumwekea mbele karatasi za mpito: ile yenye jina la zamani na jipya pamoja, ile yenye namba ya kazi ambayo haikubadilika. Namba ya kazi ndiyo uzi unaozishona zote, na iandikwe ndani ya jina la kila faili la mzee huyo.

Fedha nazo zilibadilika. Zaire mpya ya mwaka 1993 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na faranga ya Kongo ya mwaka 1998 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Vijana hutazama karatasi ya mshahara ya mwaka 1985, wakaona tarakimu zisizonunua hata mkate, wakaitupa. Wanakosea mno. Katika pensheni, karatasi ile haisemi tu alilipwa kiasi gani. Inasema kwamba mwezi ule alikuwa kazini na mchango ulikatwa. Miezi haipati mfumuko wa bei.

Walioishi mkasa wa Opération Départs Volontaires, yaani mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Kuanzia mwaka 2003, Gécamines ikiwa hoi na mishahara ikiwa imelimbikizwa, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kazini katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi walitia sahihi, wakachukua malipo, kisha wakasema hesabu haikuwa sawa. Mwaka 2009 malalamiko yalifika hadi kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, huko Washington. Ugomvi wa namna ile ni wa hesabu: uliajiriwa lini, ulikuwa daraja gani, miezi mingapi haijalipwa, ulitia sahihi karatasi inayosema nini. Kila jibu ni kipande cha karatasi. Na wengi wa wale wazee leo hawapo. Madai yamebaki kwa wajane na wana ambao hawakuwahi kuingia kwenye ofisi ile, wala hawajui karatasi ipi ilikuwa nzito.

Sasa, nakala ya kidijitali ina nguvu gani kisheria? Jibu linatoka kwenye sheria mbili zilizoachana kwa zaidi ya miaka 130. Ya kwanza ni amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria zetu za madai. Ndani yake nakala husadikiwa kwa kadiri ya hati asilia, na hati asilia inaweza kudaiwa wakati wowote. Lakini amri hiyohiyo ina mlango mdogo wenye manufaa makubwa: maandishi yaliyotoka kwa mtu unayemdai, hata yasipotosha peke yake, yanaweza kuhesabiwa kuwa mwanzo wa ushahidi na kumruhusu hakimu kuwasikiliza mashahidi. Ya pili ni Kanuni ya Dijitali, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoyapa maandishi ya kielektroniki hadhi ya karatasi iwapo aliyeyatoa anatambulika na yamehifadhiwa bila kuharibiwa.

Ukizisoma pamoja utaona jambo ambalo watu hulipuuza. Sheria ya mwaka 2023 inaisaidia zaidi hati iliyozaliwa kielektroniki kuliko picha ya karatasi. Taarifa ya akaunti ambayo benki imekutumia kwa barua pepe, ikiwa katika PDF, ndiyo hati yenyewe. Ukiichapa kwenye karatasi, kisha ukaipiga picha, kisha ukaifuta ile PDF, umeshusha hati kuwa nakala kwa mikono yako. Iacheni kama ilivyofika, pamoja na barua iliyoileta. Vivyo hivyo ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money: picha ya skrini ni bora kuliko kukosa, ila ujumbe wenyewe, wenye namba ya muamala, ni bora zaidi. Na ule mlango mdogo wa mwaka 1888 unafunguliwa vizuri na ujumbe wa muuzaji anayeandika, kwa namba yake, kwamba amepokea awamu ya pili ya kiwanja na imebaki awamu moja. Mwombeni aandike. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Juu ya tarehe, kuna hila rahisi. Simu huandika ndani ya picha siku na saa ilipopigwa, lakini WhatsApp huondoa taarifa hizo na hubana picha hadi muhuri ukawa doa. Kama ni lazima utumie WhatsApp, tuma faili kama dokumenti, usilitume kama picha. Njia iliyo salama zaidi ni kujitumia nakala kwa barua pepe siku ileile ya kutia sahihi, na kumtumia muuzaji pia. Tarehe hiyo haiandikwi na wewe. Inaandikwa na mashine ya mtu mwingine asiye na shauri na kiwanja chako.

Nimesikia hofu kwamba kazi hii inahitaji simu ya bei kubwa na mabando mengi. Hesabu inakataa. Ukurasa uliopigwa vizuri hauhitaji kuzidi megabaiti 1. Bahasha ya kurasa 100 ni megabaiti 100, wakati akaunti ya bure ya Google inatoa gigabaiti 15. Kinachokosekana ni mpangilio. Peter Krogh, mpigapicha wa Marekani, aliwafundisha wenzake kanuni ambayo wahifadhi wengi wameichukua: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa Luano mimi ningeitafsiri hivi: moja kwenye simu, moja kwenye kadi ya kumbukumbu inayokaa kwa mtu wa kuaminika nje ya mtaa, moja kwenye hifadhi ya intaneti. Ya kadi haitegemei umeme wa SNEL wala mtandao. Ya intaneti haitegemei uaminifu wa mtu mmoja. Jihadharini na kadi na flashi za bei ya kutupa zinazouzwa barabarani: zipo zinazojitangaza gigabaiti 128 na ndani yake hazifiki popote, zikijaa hufuta la zamani kimyakimya. Baada ya kunakili, toa kadi, iweke kwenye simu nyingine, fungua mafaili kadhaa mpaka ukurasa wa mwisho.

Karatasi nyingine zina saa inayokwenda mbio. Stakabadhi za mashine za benki na maduka huchapwa kwa joto juu ya karatasi yenye dawa; jua, moto na hata mfuko wa nailoni huzifanya nyeupe kabisa. Kadi za kura zilizotolewa kwa uchaguzi wa Desemba 2023 zililalamikiwa nchi nzima kwa kufifia, nazo ndizo tunazotumia kama kitambulisho benki na kwa mthibitishaji. Hizi zipigwe picha siku ya kupokelewa.

Sasa swali gumu kuliko yote: shahidi anaishi kwa nani? Vitabu vya usalama wa kompyuta huandikwa vikimwogopa mdukuzi wa mbali. Hapa Lubumbashi, namwogopa zaidi kijana wa duka la bureautique, la kuchapa na kuskani hati, karibu na ofisi za commune, ambaye mashine yake imebaki na skani za hati za watu wote waliopita juma hili, kwenye folda ambayo hakuna anayeisafisha. Piga picha kwa simu yako. Ukilazimika kupitia dukani, simama hapo, ondoa faili na utupe pia kilicho kwenye kapu la taka la kompyuta. Na unapompa mtu nakala ya kitambulisho, andika juu yake, kwa mshazari, ni kwa kazi gani na tarehe gani. Nakala iliyoandikwa “kwa kufungua akaunti tu” haiwezi kwa urahisi kuuza nyumba.

Mwizi wa mbali yupo pia, naye anapitia kwenye namba ya simu. Laini isiyotumika hupewa mtu mwingine. Kama akaunti ya hifadhi yako inafunguliwa kwa msimbo unaotumwa kwenye laini uliyoiacha, mtu huyo ameshika ufunguo. Google nayo, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti ambayo haijaguswa kwa miaka miwili. Ingieni kwenye akaunti kila msimu wa mvua unapoanza, mkiwa mnapanda juu kukagua mabati. Mafaili mazito zaidi yafungwe kwa neno la siri kabla hayajapanda intaneti. Programu ya bure ya 7-Zip inafanya hivyo kwa usimbaji imara. Maneno matano yasiyohusiana, kutoka Kisanga, Kiluba, Kibemba au lugha yoyote ya nyumbani, ni magumu kubahatisha na mepesi kukumbuka. Namba ya siri ya M-Pesa isiwekwe humo kamwe.

Umbali nao si anasa. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika mkoa huu, maelfu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakisubiri treni. Nyumba walizojenga kwa mishahara ya miaka mingi zilibaki nyuma, na karatasi nyingi zilibaki ndani yake. Sehemu ya mji wa Goma ilimezwa na lava ya volkeno ya Nyiragongo Januari 2002, mji ukakimbiwa tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na mwaka 2025, baada ya mji kuingia mikononi mwa waasi wa M23, milango ya benki ilifungwa. Mtu aliyekuwa na taarifa ya akaunti yake kwenye faili alifika Kampala au Lubumbashi akiweza angalau kusema ana nini na wapi. Wateja wa benki ya BIAC, iliyokwama mwaka 2016, walijifunza jambo hilohilo bila volkeno: mfumo unapozimika, salio ulilolihifadhi mwenyewe ndilo unaloweza kulitaja kwa ushahidi. Kwa hiyo nakala moja ikae nje ya Lubumbashi kabisa, kwa dada aliye Ndola au kaka aliye Brussels.

Inabaki nyumba yenyewe. Baba anapofariki, mara nyingi bahasha hutoweka kabla ya matanga kwisha. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto mbele katika urithi na inamlinda mjane asitolewe kwenye nyumba aliyoishi na mumewe. Lakini mjane lazima aonyeshe cheti cha ndoa, na watoto waonyeshe vyeti vya kuzaliwa, mbele ya mashemeji ambao tayari wameshika sanduku. Hapa ndipo nakala ya kidijitali inapofanya kazi ambayo karatasi haijawahi kuifanya: inaweza kuwa mikononi mwa mama na mwa baba kwa wakati mmoja, bila yeyote kumnyang'anya mwenzake. Baba anayemficha mkewe neno la siri la mafaili ya nyumba anawaandalia ndugu zake kazi rahisi. Kwenye mafaili hayo viingizwe pia vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, hata kama havitaji senti moja, kwa sababu bila hivyo hati za fedha hazina wa kuzidai.

Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, kwa mkono, lifungwe kwenye bahasha mbili. Moja kwa mama. Nyingine kwa mtu asiye mrithi: padri, mchungaji, mwalimu wa madrasa, au mweka hazina wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ambaye kikundi kimemwamini na fedha zake kwa miaka. Ndani ya kila bahasha mwandike pia laini ya simu inayopokea misimbo, akaunti ya barua pepe, jina la aliyeshika kadi ya kumbukumbu, na mahali hati asilia zilipo. Laini ikibadilika, bahasha zote mbili ziandikwe upya siku hiyohiyo.